Mteule wa Mama

Sekela: Haloo? Naam, nani mwenzangu?

Ikupa: Ahaa! Leo umepokea!

Sekela: Nani?

Ikupa: Dada yako wa Ilomba, Mbeya. Au ukishakaa Iringa unasahau kama una dada?

Sekela: Shikamoo, dada Ikupa.

Ikupa: Marahaba. Nimechukua simu ya Mercy. Nilijua tu namba ya mwanangu hujaisevu, utapokea ukidhani ni mteja wa mumeo Habibu. Ya kwangu unaiacha iite mpaka inyamaze.

Sekela: Siyo hivyo dada, nakuwa na mikono ya sabuni—

Ikupa: Wiki nzima una sabuni?

Sekela: Wiki nzima, ndiyo. Shemeji hajambo? Watoto?

Ikupa: Hawajambo. Mama yuko wapi?

Sekela: Yupo.

Ikupa: Sijauliza kama yupo, nimeuliza yuko wapi.

Sekela: Yuko uani, anaota jua.

Ikupa: Mpe simu.

Sekela: Amesinzia.

Ikupa: Anaota jua au amesinzia?

Sekela: Anaota jua huku amesinzia. Dada, mtandao wenyewe huku unakwaruza, unaweza uka—

Ikupa: Usinizuge na mtandao! Nakusikia kama uko hapa jikoni kwangu. Kila nikipiga, amelala. Anaoga. Anakula. Mama gani anakula mchana kutwa? Unamficha!

Sekela: Simfichi.

Ikupa: Sasa sikia. Leo nimelia mbele ya akina mama kwa ajili yako.

Sekela: Kwa ajili yangu? Nimefanya nini tena?

Ikupa: Ilikuwa zamu yangu kufundisha kwenye umoja wa akina mama. Somo: Israeli, taifa teule. Somo la mama kabisa hilo, unalijua, alivyokuwa akituamsha asubuhi tuwaombee Wayahudi kabla hata ya kuomba uji.

Sekela: (anacheka) Na njaa inauma.

Ikupa: Usicheke. Basi nafundisha vizuri tu, mara mama Liberatus ananyoosha mkono. Unamjua alivyo. Ananiuliza, "Mwalimu, kwani sisi Wanyakyusa tulimkosea nini Mungu, mpaka akawachagua wale?" Darasa zima likacheka. Nikamjibu kama ilivyoandikwa, kwamba siyo kwa kuwa walikuwa wengi, siyo kwa kuwa walikuwa wema kuliko wengine. Aliwapenda tu. Nikasema tena, aliwapenda tu... hapo ndipo nikalia, Sekela. Nikaona namfundisha mama Liberatus habari zako wewe.

Sekela: Zangu?

Ikupa: Zako! Siku ile ya kikao, baba tumeshamzika, wajomba wanamuuliza mama atakaa kwa nani. Kila mtu ananiangalia mimi. Mimi ndiye mkubwa. Mimi ndiye mzee wa kanisa, nyumba yangu na kanisa ni pua na mdomo. Chumba nilishapaka rangi, kitanda nilishanunua. Mama anainua mkono, ananipita mimi hivi hivi, anakuonyesha wewe. "Nitakwenda kwa huyu." Huyu! Uliyeolewa na Habibu wa Msikitini, sherehe yako mama mwenyewe alikataa kuja!

Sekela: Dada, Habibu usimguse.

Ikupa: Simgusi, mtu mzuri. Nasema mama! Wewe ulikuwa na nini kunizidi mimi?

Sekela: Sina.

Ikupa: Basi kwa nini?

Sekela: Si umeshamjibu mama Liberatus mwenyewe?

Ikupa: Una mdomo wewe.

Sekela: Nimejifunza kwako.

Ikupa: Nina wivu, Sekela. Haya, nimesema. Nina wivu mpaka chakula hakipiti. Kile kitanda nakitandika kila Jumamosi shuka safi, hakilali mtu. Sasa sikia, Jumamosi hii sitandiki. Napanda basi la asubuhi, nakuja hapo kwako Kihesa, namchukua mama yangu.

Sekela: Humchukui.

Ikupa: Namchukua!

Sekela: Dada, kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Unafikiri kuchaguliwa ni nini, kuvikwa taji? Si wewe mwalimu, hao wateule wako waliishije? Wametangatanga jangwani mpaka wamezeekea huko, wakipona njaa wanaumwa na nyoka, wakikosea kidogo wanachapwa wao wa kwanza. Mataifa mengine yamekaa kwao yanakula! Mimi hapa naamka namgeuza asilale ubavu mmoja. Nafua shuka, narudi nafua shuka. Namlisha uji, anautema. Namuosha, ananipiga.

Ikupa: Anakupiga? Mama?

Sekela: Kofi. Tena la nguvu.

Ikupa: Sasa si ndiyo unipe mimi nikusaidie!

Sekela: Sikupi.

Ikupa: Unaona? Unaona! Unalalamika mzigo na hutaki kuutua!

Sekela: Sijapewa changu bado!

Ikupa: Changu gani?

(Mtandao unakwaruza.)

Ikupa: Haloo? Sekela? Chako kipi?

Sekela: Siku ya sendofu yako, ulipoagwa kwenda kuolewa, mama alifanya nini?

Ikupa: Alicheza. Alilia.

Sekela: Alikufanyia nini viganjani?

Ikupa: Ah... alinitemea. Baraka za wazee. Nilinyoosha mikono, akanipulizia mate viganjani, akanitaja jina langu, akataja na nyumba yangu, nikajipaka usoni.

Sekela: Mimi sikutemewa.

Ikupa: ...Hakuja.

Sekela: Hakuja. Basi siku tunamleta huku, tuko kwenye basi, tumefika Makambako watu wananunua mahindi, akanishika goti. Akasema, "Sekela, kuna kitu chako sijakupa. Nakuja kukupa." Sikulala siku ile kwa furaha. Nikasema nisimharakishe, ni mzee, apumzike kwanza. Nikangoja. Ninangoja hadi leo.

Ikupa: Si umuombe?

(Sauti ya mtu inaita kwa mbali.)

Ikupa: Huyo! Huyo mama! Nimemsikia! Anasema "Gwe Ikupa!" Ananiita, Sekela! Amejuaje kama ni mimi kwenye simu?

Sekela: Hakuiti wewe, dada.

Ikupa: Nimesikia kwa masikio yangu, Ikupa—

Sekela: Ananiita mimi.

Ikupa: Sema tena.

Sekela: Mimi ndiye Ikupa. Tangu mvua za mwanzo. Nikimwekea maji, ananishukuru, "ndaga, Ikupa." Nikimfunika, "ubarikiwe, Ikupa." Habibu anamsomea Biblia jioni, mama anamwita mchungaji, anampa na sadaka, hilo tunacheka wote. Lakini langu... Namuosha mimi, anakushukuru wewe. Wewe uko Ilomba unatandika shuka, jina lako linashinda humu ndani kutwa. Halafu unanipigia kuniambia una wivu!

Ikupa: Jamani, Sekela.

Sekela: Ndiyo maana sikupi simu. Nilisema akisikia na sauti yako, ndiyo nitafutika kabisa.

Ikupa: Hujamwambia wewe ni nani?

Sekela: Nilimwambia. Mimi ni Sekela, mama. Akaogopa, akajibanza ukutani akauliza nimeingiaje. Tangu hapo nimekubali tu. Abee mama.

Ikupa: Na Sekela? Amemsahau kabisa?

Sekela: Aa, angemsahau ningepumzika. Anamuulizia kila siku! Ananishika mkono, "Ikupa, mdogo wako amekasirika? Mbona hata simu hapigi?" Nimekaa mbele yake, dada. Amenishika mkono.

Ikupa: Ngoja... ngoja kwanza nikae.

Sekela: Kaa. Mimi nimezoea.

Ikupa: Na mimi nilivyokutukana kwa watu huku. Nimesema umemroga.

Sekela: Nimeambiwa.

Ikupa: Nani kakwambia? Lazima mama Liberatus.

Sekela: Achana naye. Dada, anaita tena, ngoja niende—

Ikupa: Usikate! Nenda na simu. Mshikie sikioni.

Sekela: Nimeshakwambia, ukijitaja Ikupa utamchanganya. Ataniangalia mimi aseme, na huyu ni nani?

Ikupa: Sitajitaja Ikupa.

Sekela: Utasema wewe nani?

Ikupa: Anamngoja nani apige simu?

Sekela: Hapana. Dada, hapana.

Ikupa: Sauti zetu ni moja. Habibu alipokuwa anakuchumbia si alinimwagia mimi maneno yote ya mahaba kwenye simu, mpaka nikaona aibu mimi?

Sekela: Huko ni kumdanganya mama. Mzee wa kanisa mzima! Si mambo ya Yakobo hayo, na ngozi zake za mbuzi?

Ikupa: Yakobo alidanganya ili achukue baraka ya kaka yake. Mimi mkubwa, nimeshapata yangu, nachukua nini? Leo nimemhurumia Esau, mdogo wangu. Sikuwahi. Siku zote nafundisha, mjinga yule, kauza urithi kwa dengu. Leo nimesoma pale anapolia, anamuuliza baba yake kama baraka zimekwisha kabisa, hata moja haikubaki. Mtu mzima, ana ndevu. Nilidhani nalia kwa ajili yangu mimi.

Sekela: Na akibariki? Utakuwa umeipata wewe tena! Ya pili!

Ikupa: He! Na wewe una wivu?

Sekela: Ninao! Tena kuliko wako!

Ikupa: (anacheka, analia) Tumetoka tumbo moja kweli. Twende, Sekela, dakika za Mercy zinakwisha.

Sekela: Usiongee maneno matamu sana.

Ikupa: Siongei.

Sekela: Na Habibu umtaje. Asimsahau Habibu.

Ikupa: Nitamtaja. Nenda.

(Hatua. Kuku. Kiti kinaburutwa.)

Sekela: Mama. Mama, simu yako hii. Ni... ni Sekela amepiga. Eeh, Sekela. Pole pole, nimeishika mimi, wewe ongea tu.

Ikupa: Shikamoo, mama... Ndiyo mama, mimi. Sekela... Wa Iringa, ndiyo... Hapana mama, sikukasirika. Nilichelewa tu... Si hasira, mama... Habibu hajambo, anakusalimia sana... Ee, huyo huyo. Ni mtu mwema, mama... Nani? Ikupa?... Anakuosha vizuri? Na maji anapasha moto?... Namshukuru. Mwambie ndaga. Mwambie nimesema hakuna mtoto kama yeye... Hapana, mama, usilie... Nini changu?... Nakusikia... Ndiyo, nimenyoosha mikono. Yote miwili... Viganja juu, ndiyo, mama, nimenyoosha... Niko tayari...

(Mtandao unakwaruza.)

Ikupa: Mama? Mama, haloo? Sekela, amefanya nini? Nimesikia "pfuu," kisha kimya.

Sekela: Ametema.

Ikupa: Ametema nini?

Sekela: Mate. Ameipulizia simu, dada. Kioo chote, na mkono wangu nilioshikia, mpaka kwenye kiwiko.

Ikupa: Na maneno? Huku yalikatika katika.

Sekela: Amesema Sekela. Amelitaja. Sekela na mume wake na nyumba yake. Amenitazama usoni wakati anasema, dada, halafu akaniambia, "Ikupa, umeona, mdogo wako amepiga."

Ikupa: Asante Yesu.

Sekela: Ngoja, imeingia mpaka kwenye spika, nichukue kitambaa nifu—

Ikupa: Usifute!

Sekela: Nini?

Ikupa: Gwe Sekela, usifute! Mimi nimenyoosha mikono hapa jikoni kama mjinga, mikavu kabisa. Hakuna hata tone lililofika Mbeya. Ni yako hiyo! Jipake!

Sekela: Dada...

Ikupa: Jipake usoni, haraka, kabla haijakauka! Na Habibu umbakizie!

Sekela: (analia) Dada, Jumamosi—

Ikupa: Nakuja. Siji kumchukua, nakuja kufua. Utaniambia niitwe nani humo ndani, nitaitika. Umejipaka?

Sekela: Da—

(Simu imekatika.)

Ikupa: Haloo? Sekela? Umejipaka?