Wagdi Labib Tadros na Maneno ya Mama Milad

Marehemu Wagdi Labib Tadros alizaliwa hapa Mallawi, Misri, tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili wa fundi cherehani Labib na mkewe Aida. Alikuwa mkaidi tangu utotoni, na sisi ndugu zake hatutaficha hilo eti kwa sababu amelala mbele yetu.

Alisoma shule za mjini hapa, kisha akaenda Asyut alikohitimu uhandisi wa kompyuta mwaka 1994. Alifanya kazi Kairo, na huko alijulikana kwa jambo moja. Kiarabu kikiingia kwenye tovuti kizima, kisha kikatoka kwenye hifadhidata kimekuwa vurugu la herufi za Kizungu, aliitwa yeye. Aliliangalia vurugu lile huku akitafuna taamia, zile bajia zetu za maharage, akasema, "Mnalia nini? Tovuti inaandika kwa mpangilio mmoja wa herufi, hifadhidata inasoma kwa mwingine. Hakuna kilichopotea." Na kweli aliyarudisha maneno ya watu. Alichokiogopa ni alama ya kuuliza. Herufi isipotambulika kabisa, kompyuta huitupa na kuweka alama hiyo mahali pake, na hapo hata fundi awe nani, hana la kufanya.

Tarehe 18 Julai 1999 alimwoa Nivin Shukri. Alimposa kwa barua pepe, nayo ikafika haisomeki hata neno moja. Nivin akampigia simu. "Wewe Wagdi, umenitukana au umeniposa?"

"Ningekutukana ningekuja mwenyewe, mama," akamjibu.

Mwaka 2009 alirudi kumuuguza baba yake, akalitengenezea kanisa letu tovuti ya kuwakumbuka marehemu. Walio hapa na walio ughaibuni waliandika habari za wafu wao, na kasisi wetu, Abuna Makari, akazisoma kwenye misa ya kila mwaka. Ndipo akaja Mama Milad. Mwanawe wa pekee, Milad, alikuwa amefia kazini Kuwait. Mama huyu hajui kusoma, kwa hiyo Kwaresima nzima alikaa kando ya Wagdi akisimulia, na Wagdi akiandika: Milad alivyoogopa mabata bukini, alivyolamba limau kwa chumvi, alivyomdanganya mama yake kwamba Kuwait hakuna joto. Walipomaliza, Mama Milad alisema, "Haya, sasa hata nikisahau, wewe unaye." Baada ya miaka michache akaanza kusahau kweli.

Mwaka 2018 Wagdi aliihamishia tovuti kwenye mfumo mpya. Aliijaribu kwanza, na aliijaribu kama sote tunavyoandikiana kwenye simu: Kiarabu chetu kwa herufi za Kizungu, na tarakimu pale sauti zinapokosa herufi. Kila alichoandika kilirudi salama. Mtu aliyeishi kwa herufi za Kiarabu hakuandika hata moja siku ile. Akayahamisha yote, akaiachia seva ya zamani, nayo ikafutwa. Kumbe njia kati ya mfumo mpya na hifadhidata ilikuwa imefunguliwa kwa herufi za Kizungu tu. Alipofungua ukurasa wa Milad alikuta alama za kuuliza, mstari juu ya mstari. Nakala za akiba nazo zilikuwa zimeandikwa upya, alama zilezile.

Alijua siku ileile kwamba imekwisha. Hata hivyo aliendelea kutafuta kwenye kila diski kuukuu, kwa kuwa kila baada ya misa Mama Milad alimshika mkono. "Injinia, mwanangu umeshanirudishia?"

"Bado kidogo, mama."

"Usichelewe, baba. Sura yake imeanza kunitoka."

Siku hizo hakula. Nivin alimsihi, "Mwambie tu."

"Nimwambie nini? Kwamba nimemuua mara ya pili?"

Ini lilianza kumsumbua mwaka 2021. Alifariki hospitalini Minya tarehe 9 Oktoba 2023. Kabla hajakata kauli alimwagiza mkewe: "Mama Milad mtamwambia nyinyi. Na semeni mbele ya watu, wajue kosa ni langu, yeye hakukosea kitu."

Ameacha mjane, Nivin. Watoto wawili, Veronia na Abanub. Mama yake, Aida. Na dada yake, Sanaa.

Mama Milad, uliyekaa hapo karibu na Nivin, tunatimiza agizo lake. Maneno yako hayapo, na hayatarudi. Tumejaribu kukusanya tunayoyakumbuka sisi, lakini Milad tulimjua kwa mbali, na hayajai hata ukurasa. Wagdi alikupenda akashindwa kukuambia. Tunajua huenda kesho utakuwa umesahau, utakuja kumuulizia, na utauliza kama ameshakurudishia mwanao. Tutakuambia tena, yote mawili.

Bwana ampe Wagdi pumziko ambalo yeye mwenyewe hakujipa.