Nakala ya Pili Iko kwa Shangazi

Benchi letu lilitupwa na zahanati lilipochoka, na mpaka leo watu hulikalia kwa sura ile ile ya kusubiri majibu. Liko baina ya mlango wa studio ya Tabasamu, mpiga picha, na meza ya Fundi Risasi, mtengeneza simu, hivyo ukikaa katikati unasikia huku watu wakiambiwa wanyanyue kidevu na kule wakiambiwa simu imeingia maji. Mama Birika huweka jiko lake la kahawa mwisho wa benchi alfajiri, na kahawa ikiisha ndipo wanaojiita watu wa shughuli hukumbuka shughuli zao. Mzee Nahau, msoma mita mstaafu, hana shughuli na hafichi. Ana methali tu, na huzitumia kama mtu anayejaribu funguo za jirani kwenye mlango wake. Mimi ofisi yangu iko ghorofani. Nasahihisha vitabu vya shule kabla havijachapwa, na kila asubuhi hushuka kusikiliza makosa ambayo silipwi kuyasahihisha.

Alhamisi ile, saa mbili na nusu, Tabasamu alitoka studio laptopu ikiwa kwapani na eksteno, kile kidude cheusi cha kuhifadhia picha, ikiwa kiganjani kama kifaranga alichokiokota. Waya ulining'inia baina yao. Hakutusalimia.

— Sikilizeni, alisema. Inagonga.

Tukainama. Tik. Kimya. Tik, tik.

— Debe tupu haliachi kuvuma, alisema Mzee Nahau.

— Mzee, nakuomba. Usilitaje hilo neno tupu.

— Mimi nimesema debe, bwana. Sijasema diski.

Fundi Risasi aliruka kutoka mezani kwake, koleo mkononi.

— Chomoa! Chomoa haraka! Ndani kuna sindano, inatafuta pa kukanyaga. Kila ikigonga inakwangua.

Tabasamu akachomoa. Kimya kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko ile tik.

— Kuna nini humo? aliuliza Mama Birika.

— Mkunga.

Mama Birika akashusha birika chini.

Hapa hapakuhitajika maelezo. Mkunga alistaafu zamani, lakini nusu ya mtaa huu ilipitia mikononi mwake, na nusu nyingine aliitishia. Jumamosi tatu zilizopita alitimiza miaka themanini, tukamfanyia sherehe uwanjani kwake, na Tabasamu akapiga picha mia nne. Jumanne wiki hii Mkunga akalala asiamke. Mazishi kesho saa nane. Binti yake wa pekee anafanya kazi mbali. Sherehe ilimpita kwa kunyimwa likizo, na hakuwa amemwona mama yake kwa miaka sita. Amefika jana jioni. Saa nne angekuja studio kuchagua picha ya kuweka mbele ya jeneza.

— Hukumpa picha hata moja, wiki tatu nzima? nilimuuliza.

— Msimu wa mahafali, dada. Na Mkunga mwenyewe aliniambia, usijihangaishe mwanangu, picha hazina miguu.

— Na kadi ya kamera? aliuliza Risasi. Picha si hubaki kwenye kadi?

— Niliifuta Jumatatu yake. Nikapigia watoto wa chekechea.

— Ukaifuta!

— Kwa sababu nina nakala mbili! Tabasamu akanyoosha mgongo, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo akafanana na jina lake. Jamani, mimi si mtu wa kubahatisha. Moja hii, ya pili iko kwa shangazi, kabatini, chini ya mashuka. Nyumba moja ikiungua, nyingine inabaki. Kila Jumapili nanakili, miaka mitatu sijaruka hata moja. Mdogo wangu ameshaenda kuichukua.

Benchi zima likapumua.

— Mtegemea cha ndugu hufa maskini, alisema Mzee Nahau.

— Mzee, ni diski yangu mwenyewe!

— Lakini mashuka ni ya ndugu.

Mdogo mtu alikuwa ametoka saa moja, na kwa shangazi ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Tabasamu alitazama saa, akatazama barabara, akatazama saa.

— Simu yake inasemaje? nilimuuliza.

— Haipokelewi.

— Shangazi anamlisha, alisema Mama Birika. Huwezi kutoka kwa shangazi na tumbo lako la asubuhi.

— Na simu zetu? Risasi aligutuka. Kwani lazima picha ya Tabasamu? Sote tulikuwepo na simu zetu!

— Tuliambiwa tuziweke mfukoni, alisema Mama Birika.

— Na nani?

Macho yote yalielekea sehemu moja.

— Nilisema kwa adabu, alisema Tabasamu.

— Ulisema, "Wapendwa, simu mifukoni, mtaalamu yupo." Mimi nikazima kabisa, alisema Mama Birika.

— Zinaharibu mwanga! Mia nne nzuri au elfu moja za ovyo, bora nini?

Ndipo tiba zikaanza. Mama Birika alikuwa wa kwanza: eksteno iwekwe pembeni ya jiko, ipate joto kidogo, kwa kuwa laini yake ya simu iliwahi kufa akaipasha ikashika. Risasi akamcheka, akasema joto ni ujinga, dawa ni baridi. Ifungwe kwenye mfuko wa nailoni, ilale ndani ya friji ya barafu, chuma kisinyae, sindano ijinasue.

— Umewahi kufanya? nilimuuliza.

— Nimewahi kusikia.

— Ikapona?

— Aliyenisimulia hakufika huko.

— Tatizo si sindano, alisema Mzee Nahau, na akasogeza kikombe pembeni ili kupata nafasi ya mkono. Tatizo ni msongamano. Picha mnazirundika humo, harusi juu ya ubatizo, ubatizo juu ya mahafali, hakuna inayochapwa ikapata hewa. Kikulacho ki nguoni mwako. Zinalana.

— Picha hazilani, Mzee.

— Basi kwa nini watu wakija kutafuta picha zao hawajipati? Na kuna jambo jingine. Nimesoma mita miaka thelathini na moja. Nyumba yenye msiba, mita huenda polepole. Nimeliona kwa macho. Umeme unajua. Sasa Mkunga amefariki Jumanne, na diski imeanza kugonga lini?

Tabasamu aliitazama eksteno.

— Jumanne usiku.

— Ee!

— Jumanne usiku niliiangusha, Mzee. Kutoka kitandani.

— Na nani alikufanya uiangushe?

Kwa kawaida hapa ndipo ningecheka. Nilimtazama Tabasamu, nikaona anaifikiria hoja hiyo kwa makini, na kicheko kikakwama. Mtu mwenye cheti cha upigaji picha ukutani, anayewakemea watu kwa kutoa simu zao mfukoni, alikuwa tayari kumwomba radhi marehemu kupitia waya.

— Kuna watu wana chumba kisicho na vumbi, alisema Risasi, sasa kwa sauti ya chini, kama anayekiri. Wanavaa kama madaktari wa upasuaji, wanaifungua, wanazitoa picha moja moja. Hao ni wa kweli. Lakini ni wiki kadhaa.

— Kesho saa nane, alisema Tabasamu.

— Najua.

Mwanamke mmoja alivuka barabara akaja moja kwa moja kwetu. Viatu vizuri vya safari, macho yaliyovimba, pochi ameikumbatia. Alitusalimia, "Shikamooni", akakaa mwisho wa benchi kama mtu aliyejiunga na foleni.

— Marahaba, mwanangu, alisema Mama Birika. Unamngoja nani?

— Mpiga picha. Nimekuja mapema, samahani. Nyumbani kila anayeingia ananiuliza nimekula nini.

Hatukuhitaji kuambiwa ni nani. Alikuwa na kidevu cha Mkunga. Tabasamu alisukuma eksteno nyuma ya mgongo wake kwa kiwiko.

— Pole sana, dada, alisema. Pole. Mimi ndiye. Tunamalizia tu... tunaandaa.

— Hamna haraka. Za zamani ninazo, kabati zima. Nataka ya siku ile tu. Aliniambia kwa simu kwamba alicheka mpaka wakamkalisha kitini. Akageuka kwetu. Kweli?

— Kweli tupu! alisema Mama Birika. Tulimshika huku na huku!

Binti akatabasamu kidogo, akapokea kikombe. Mzee Nahau alifungua mdomo, nikamkanyaga mguu. "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo" ilikuwa imeshafika kwenye meno, niliiona.

Saa nne kasoro dakika kumi mdogo wake Tabasamu alitokea kwenye kona, anakimbia, taulo kifuani.

— Shangazi alikuwa amefunga kabati, alisema akihema, na ufunguo ameenda nao sokoni!

Tabasamu akafungua taulo. Eksteno ya pili, nyekundu, safi, haina hata mkwaruzo. Akaichomeka kwenye laptopu pale pale magotini. Sote tukainama kusikiliza. Haikugonga. Ilivuma tu taratibu, kama mtu mwenye afya anavyolala. Kisha orodha ikajaa kwenye kioo, na kila folda ina jina lake: Mahafali. Harusi ya Mwalimu. Ubatizo Pacha. Mkunga Miaka 80.

— Hiyo hapo! alipiga kelele Mama Birika.

— Akiba haiozi, alisema Mzee Nahau, na kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu yangu ufunguo ukaingia mlangoni.

Tabasamu alikuwa analia na kucheka. Binti aliinuka akaja kusimama nyuma yake, mkono begani kwake, kama ndugu.

Tabasamu akabonyeza.

Kidirisha kidogo cheupe kikajitokeza: kitu unachokitafuta hakipo.

Akabonyeza tena. Akafungua Harusi ya Mwalimu. Kidirisha. Ubatizo Pacha. Kidirisha.

— Subiri, alisema Risasi, akaichukua laptopu. Subiri kwanza. Akasogeza uso karibu na kioo. Mbona folda hizi zina kimshale hapa pembeni?

— Zote ziko hivyo. Ndizo zangu za ukurasa wa mbele wa laptopu, za kufikia kazi upesi. Kila Jumapili nazikusanya zote, nazinakili huku.

— Zilikuwa zinachukua muda gani?

— Upesi sana! Kazi za mwezi, dakika haijaisha. Eksteno hii ni nzuri mno.

Risasi akafumba macho.

— Ndugu yangu, hizi si picha. Hivi ni vibao. Umeona kibao cha barabarani kimeandikwa "Hospitali, kushoto"? Wewe umeng'oa kibao ukakihifadhi kwa shangazi. Hospitali umeiacha kwenye ile nyeusi.

— Lakini nilikuwa nazifungua! Naapa, kila Jumapili nilijaribu moja, na inafunguka!

— Na ile nyeusi ilikuwa wapi wakati unajaribu?

Tabasamu alitazama laptopu. Ina matundu mawili ya waya, yameketi bega kwa bega.

— Imechomekwa, alisema. Pembeni yake.

Miaka mitatu ya Jumapili. Sikuhesabu harusi, nadhani yeye alikuwa anazihesabu, midomo ilikuwa inatembea. Mdogo wake aliikunja taulo mara nne, akaikunjua, akaikunja tena.

Binti wa Mkunga alikuwa bado amesimama, mkono bado begani kwa Tabasamu. Aliutoa taratibu.

— Hazipo, alisema. Hakuuliza.

— Dada, alisema Tabasamu. Kuna watu, wana chumba kisicho na vumbi, mimi nitaenda mwenyewe, leo hii nitaenda...

— Kesho saa nane.

— Ndiyo.

Binti akarudi kukaa. Tulingoja apige kelele; ingekuwa afadhali. Aliishika pochi yake kwa mikono miwili, akafikiri, kisha akatuuliza kwa upole, kama mgeni anayeuliza njia:

— Alikuwa amevaa nini?

— Samahani?

— Siku ile. Mlikuwepo wote, si ndiyo? Nataka tu kujua alikuwa amevaa nini.

— Bluu, alisema Mama Birika mara moja.

— Bluu ilikuwa harusi ya Mwalimu, alisema Risasi. Hii ilikuwa kama ya maua.

— Maua gani? aliuliza binti.

Risasi akatazama koleo lake.

— Alikuwa na kilemba, alisema Mzee Nahau. Au nywele wazi. Nilikuwa nimekaa upande wa chakula.

Binti aligeukia kwangu. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kitini pale alipokuwa anacheka. Nakumbuka Tabasamu akinipungia mkono niinamishe kichwa, nisimzibe, na nakumbuka nikiinamisha. Nikatikisa kichwa.

— Wewe je, kaka? Umempiga mia nne.

Tabasamu alifumba macho, akakaza uso, mkono wa kulia ukapanda wenyewe mbele ya jicho, kidole kikiwa tayari kubonyeza.

— Jua lilikuwa kushoto kwake, alisema mwishowe.

Binti alingoja kilichobaki. Kisha akamgeukia tena Mama Birika.

— Mama, wewe si ulimhudumia?

— Nilimpa kikombe mkononi, mwanangu. Mkononi kabisa. Tukagusana.

— Basi mkono wa nguo. Mrefu au mfupi?

Mama Birika alinyoosha mkono wake, akautazama kiganja na upande wa pili, kidole kwa kidole. Nyuma yake birika lilianza kuchemka, na hakuna aliyeliepua.