Kikohozi cha Bwana Saa

Ndugu waombolezaji, naomba utulivu, mimi ni mtoto wa kwanza wa marehemu na ukoo umenituma nisome maisha yake, nalijua pia sharti lililowekwa asubuhi hii, kwamba Mjomba hatatia udongo kaburini mpaka jambo lake litajwe hadharani, basi litatajwa, na wanaonong'ona pale pembeni wanyamaze.

Mama alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa pili na wa mwisho, na wazazi wao walipofariki mwaka 1968, kaka yake, ndiye huyu Mjomba, aliacha shule akashika cherehani ili dada asome, naye akasoma, akamaliza sekondari mwaka 1976 na chuo cha ualimu mwaka 1978.

Alifundisha miaka michache, kisha tarehe 1 Februari 1983 akaajiriwa redioni kuandika michezo ya kuigiza, na hapo ndipo watu wa nyumbani kwake walipokiona cha mtema kuni, kwa sababu hakuanza na kisa hata siku moja, alianza na mtu, akamketisha mezani kwetu kabla hajampa jina, akatuuliza mtu huyu anataka nini, anaogopa nini, akidanganya anafanyaje, na usipojibu chakula kinapoa. Kisa, alisema, kitamfuata chenyewe.

Aliolewa tarehe 14 Desemba 1985 na baba yetu, fundi mitambo wa studio, mwanamume pekee aliyekubali kula na wageni wasioonekana, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1997 alimuumba Bwana Saa, fundi saa mpole wa sauti aliyedhulumu ndugu zake mirathi, na kila alipotaka kudanganya alikohoa mara tatu, fupi fupi. Kikohozi kile kilikuwa cha Mjomba, cha vumbi la vitambaa, na mama alidhani akimbadilishia ufundi atakuwa amemficha, lakini jamani, redioni ufundi hauonekani, kinachosikika ni kikohozi. Haikuchukua muda wateja wakawa wanamwita Mjomba Bwana Saa huku anawapima suti, watoto wanamkoholea barabarani, na mtu aliyeacha shule kwa ajili ya dada yake akaitwa mwizi wa ndugu. Alifunga duka, akahama mtaa, mama akatuma wazee kuomba radhi wakarudi mikono mitupu, na nasema wazi, Mjomba alikuwa na haki ya kukasirika.

Figo zilianza kumsumbua mama Januari 2020. Tarehe 2 Juni mwaka huu wa 2021 Mjomba alifika hadi mlango wa wodi, akasimama, akageuka. Mama hakumwona, ila alimsikia akikohoa koridoni, akaniagiza niseme leo kwamba kikohozi tu ndicho kilikuwa cha kaka, uchoyo na woga wa kuachwa peke yake vilikuwa vyake yeye mama, Bwana Saa alikuwa yeye mwenyewe, na alimpa sauti ile kwa kuwa ndiyo aliyolala akiisikia utotoni, karibu na cherehani, akajua hajaachwa. Alifariki tarehe 5 Juni, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, wafanyakazi wenzake wa redio, na fundi cherehani mmoja ambaye bila yeye mama asingeshika kalamu. Mjomba, tangu nianze kusoma nakusikia ukikohoa hapo nyuma, na hakuna aliyecheka. Sogea, tunakusubiri wewe utangulie kutia udongo.

Mama, kaka yako yupo. Pumzika kwa amani.