Mdomo wa Mwalimu Perpetua na Kambi Yetu ya Kiangazi

Mgeni rasmi, Msimamizi wa Shule za Wilaya, Bibi Herminia Sumagaysay; Mwalimu Mkuu wetu; wazazi wetu mliosimama huko nyuma kwa uhaba wa viti; wageni wote: habari za asubuhi.

MAKARIBISHO

Sisi, skauti wasichana wa Shule ya Msingi Tinubdan, tuna furaha isiyo kifani kukupokea. Tulipokuona unashuka kwenye pikipiki umevaa viatu vyeupe, msimu huu wa vumbi, tukaambiana: huyu mama ana moyo. Keki ya mchele iliyo mbele yako imepikwa na mama zetu tangu alfajiri. Tafadhali usionje kipande kimoja ukashukuru. Watanuna mpaka Krismasi.

TULIKOTOKA

Kikosi chetu kilianzishwa na Mwalimu Perpetua Magbanua alipohamia hapa. Alikuta bendera moja na kamba moja. Wasichana wa kwanza walikuwa wanne, na mmoja wao, dada mkubwa wa mwenzetu Eufemia, anakiri kwamba alifuata biskuti. Leo tumejaa darasa zima, na biskuti zilikwisha zamani.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, tumepanda mianzi kwenye kingo za mto, na mafuriko ya mwaka jana hayakuing'oa. Tunaongoza pikipiki na magari siku ya maandamano ya mtakatifu wetu, na hata padri husimama tukimwinulia mkono.

Tunajua pia kufunga mafundo. Siku moja kabla ya sikukuu tulimfunga nguruwe wa Babu Fortunato kwa fundo tulilofundishwa wiki hiyo. Asubuhi wanaume watano walishindwa kulifungua. Wakaikata kamba, nguruwe akatimua mbio, na wageni wa Babu Fortunato wakala samaki. Babu bado hajatusamehe, lakini fundo lilikuwa sahihi.

KAMBI YA KIANGAZI

Hapa Mwalimu Mkuu alitushauri tupite haraka. Tunaomba radhi, Mwalimu, tutapita polepole.

Kila Aprili shule zikifungwa tunapiga kambi juu mtoni. Tunapika wali ndani ya mianzi, tunakula kwa mikono juu ya majani ya migomba, na usiku tunaimba mpaka vyura wanakata tamaa. Mwaka huu, usiku wa pili, shavu la Mwalimu Perpetua lilivimba kwa sababu ya jino. Alisukutua maji ya majani ya mpera, akajifunga kitambaa kichwani, akasema hakuna wa kurudi nyumbani.

Asubuhi Eufemia, kiongozi wa kundi la Mdiria, alichukua ndoo pamoja na wenzake watano. Mwalimu alikuwa amebeba sufuria ya uji kwa mikono miwili.

"Mwalimu, chemchemi iko upande gani?"

Mwalimu akaelekeza kwa kuchongoa mdomo.

Mgeni rasmi, wewe ni wa hapa hapa. Sisi sote huelekeza kwa mdomo: kiti, duka, mchumba wa mtu. Nani ananyoosha kidole? Ila asubuhi ile shavu lilikuwa limeuvuta mdomo mzima kushoto. Chemchemi iko kulia. Eufemia aliutazama ule mdomo, akashika njia ya kushoto bila wasiwasi wowote.

Walitembea mpaka njia ikaisha. Hapo wakafanya walichofundishwa: wakaketi pamoja, wakapiga filimbi, wasiguse tunda wasilolijua. Nene, aliye mdogo kuliko wote, alianza kulia. Eufemia naye alitaka kulia, ila alikuwa kiongozi, akazidi kupuliza. Mara akatokea mama mmoja kutoka nyuma ya kamba ya nguo.

"Nyie wasichana, filimbi ya nini? Mnanitishia kuku!"

"Tumepotea, mama."

"Mmepotea vipi, na mko uani kwangu?"

Akawapa tambi na mayai. Kisha, kwa wema wake, akampigia simu binamu yake. Binamu akampigia shemeji. Habari ilipofika Tinubdan, ilikuwa tayari ni wasichana sita wamechukuliwa na viumbe wa msituni. Mama yake Nene alizimia sokoni, na tunamwomba radhi hapa mbele ya watu.

Mwalimu Perpetua alifika pale uani akikimbia, ndala moja mguuni, nyingine hatujaiona mpaka leo. Alimshika kila mmoja kichwa. Akataka kugomba, mdomo haukufunguka. Akawakumbatia wote sita kwa mpigo, akalia. Eufemia naye akalia hapo, tena kwa sauti.

CHANGAMOTO

Tangu siku ile kambi imesimamishwa, na Mwalimu Perpetua amezuiwa kutuongoza mpaka wewe utoe uamuzi. Wazazi waliolalamika hawakukosea, waliogopa. Lakini hawakulijua jambo moja, nasi tulilijua tukanyamaza. Jino lile lilikuwa likimuuma tangu Februari. Zahanati hung'oa meno Jumamosi tu, na Jumamosi ni siku ya skauti. Kila wiki tulimwambia, "Mwalimu, nenda kang'oe." Kila wiki alijibu, "Kwani mtafunga mafundo na nani?"

Jino hilo liliharibika kwa ajili yetu. Tunampenda, na Jumamosi bila yeye tunakaa tu tukitazamana.

MAOMBI

Kwanza, tunaomba daktari wa meno afike hapa shuleni siku yoyote isiyo Jumamosi.

Pili, kambi irudi. Eufemia ameahidi kuuliza njia mara mbili, na mara ya pili kumzunguka mtu amtazame upande wa pili.

Tatu, Mgeni rasmi, ulipofika tulikuuliza ungependa kuketi wapi. Mikono yako ilikuwa imejaa maua tuliyokupa. Ukaelekeza kwa mdomo, nasi sote tukajua ni kiti kipi. Pembeni yako kuna kiti kingine, kitupu. Mwalimu Perpetua amesimama kule langoni, karibu na bendera, kwa sababu aliambiwa asikae nasi. Jino limeshang'olewa na mdomo wake umenyooka.

Hatuombi barua. Maua bado unayo mikononi. Tukimaliza kusoma, mtazame tu Mwalimu, halafu kielekezee mdomo kiti hicho. Yeye ataelewa, na sisi tutaelewa.

Mungu akubariki, akurudishe salama, na viatu vyako vifike nyumbani vikiwa bado vyeupe.

Ni sisi,
Skauti Wasichana wa Tinubdan,
pamoja na kundi zima la Mdiria, ambalo halijapotea tena.