Begi Lililofungwa Nikiwa Bado Napumua

Nani kati yenu amepakia nguo za mtoto huyu kwenye begi? Sikilizeni, wanangu, na msitazamane kama wanafunzi waliovunja dirisha. Nimeliona nyuma ya mlango, zipu imefungwa hadi mwisho na kandambili zake zimening'inizwa juu.

Mmekuja wote siku moja, ninyi ambao simu zenu huishiwa chaji kila ninapougua. Wewe kifungua mimba, jana nilikusikia ukiipima karakana kwa hatua ukidhani nimelala. Na wewe wa katikati, baba wa mtoto, leo umeniletea uji kwa mkono wako mwenyewe. Onja kwanza. Onja, nikuone ukimeza. Haya, leta.

Ulimleta hapa ukasema, "Wiki moja tu, mzee, mke wangu mpya ajizoeze." Wiki hiyo haijaisha mpaka leo. Mtoto alikuwa hasemi. Alikaa ukingoni mwa maji, ametupa mgongo, akipanga vifuniko vya chupa mchangani peke yake. Nami si mtu wa kubembeleza, kazi yangu ni kuziba boti. Sasa kabla hujashindilia pamba kwenye maungio ya mbao, lazima mtu aingie ndani ya boti iliyopinduliwa, gizani, aone mwanga unapopenyea, agonge hapo, na aliye nje atie alama ya chaki. Msaidizi wangu alikuwa amenikimbia. Siku moja niko nje nalaani peke yangu, nikasikia ngo! ngo! kutoka ndani. Nikatia alama. Ngo! tena. Tulimaliza boti nzima bila kusemezana, na alipotoka, vumbi mpaka kwenye kope, akaniuliza, "Babu, kesho tunaziba ipi?"

Kitinda mimba, binti yangu, wewe ulikuwa umeninunia tangu tulipomzika mama yenu, kwa sababu nilikunyima pete zake. Uliposikia kuna mtoto anagonga boti ulikuja kuchungulia, ukaja tena na chupa ya chai, mwisho tukawa tunakula watatu, miguu majini, ninyi wawili mkiigiza ninavyotafuna kwa ufizi. Sijawahi kucheka vile hata nilipokuwa na meno. Pete ni zako, zimo kwenye kopo tupu la gundi. Lakini hata wewe sikuamini moja kwa moja. Mbona leo unatazama ukuta?

Karakana na chumba hiki ni vya mtoto. Yule bosi wa hoteli anayewapigia simu akitaka kuinunua karakana, mwambieni dili limekufa kabla yangu. Kifungua mimba, chukua nyundo na patasi zangu zote, uone kama zitakuzoea.

Narudia: nani aliye... Nini? Nani amesema? Njoo karibu, mjukuu wangu. Sema na wao wasikie.

Mmesikia? Amejipakia mwenyewe. Anasema wakubwa wakianza kunong'ona mlangoni, yeye huhamishwa, basi ameona asiwasumbue. Siku nzima nimewapeleleza kama polisi, nikitafuta mkono wa mtu mmoja, kumbe mtoto amejifunza kujifukuza kwa kutusikiliza sisi. Hapo hakuna asiye na hatia.

Ngojeni... pumzi. Niinueni kidogo.

Nizikeni mapema, msingoje magari ya wakubwa. Msigombane mbele yake. Mungu awape... awape watoto wasiowaogopa, na uzeeni mpate wa kucheka nao.

Na wewe, baba yake, usinitazame mimi, mimi nimemaliza. Piga magoti pale alipokaa, umwambie kwa mdomo wako, sisi sote tukisikia, kwamba hapa ni kwake, na kwamba wewe ndiye utakayehamia kwake. Usiniambie mimi... mwambie yeye. Mwambie sasa, bado nasikia.