Yuditha Filemon Mtui, Mwonja Kahawa wa Kirua Vunjo (1951–1999)

Marehemu Yuditha alizaliwa Kirua Vunjo tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa Mzee Filemon na Mama Eliona. Alibatizwa Pasaka ya mwaka huo.

Alisoma kijijini, kisha sekondari, akamaliza kidato cha nne mwaka 1970. Walimu walilalamika kwamba anasinzia macho yakiwa wazi. Mama aliwajibu kuwa mtoto haumwi, anaota tu.

Mwaka 1971 aliajiriwa kuosha vikombe katika chumba cha kuonjea kahawa mjini Moshi. Baada ya miaka mitatu akawa mwonjaji. Alivuta kahawa kwa kijiko, akaitema, halafu akataja mteremko ilikotoka, polepole, kama mtu anayepita huko kwa miguu.

Karani wa ghala, Wenseslaus, alimletea kahawa bila kusema ni ya nani. Yuditha alionja, akaitema.

“Huyu mama anaanika karibu na moshi wa jiko,” alisema. “Mwambie ahamishe kichanja.”

Mama yake Wenseslaus alihamisha kichanja, na mwaka uliofuata akatuma posa. Walifunga ndoa tarehe 2 Oktoba 1976.

Wanunuzi binafsi walipoingia mwaka 1994, wenzake wengi walipunguzwa kazini. Yeye aliitwa na kampuni mbili.

Oktoba mwaka huu alianza kupata homa za kutetemeka na maumivu chini ya mbavu za kulia. Tulimpa dawa za malaria, tukangoja. Macho yalipogeuka manjano ndipo tulipompeleka hospitali. Daktari alitueleza kuwa jiwe dogo limeziba mrija wa nyongo, na bakteria wameenea ndani ya mirija. Alifanyiwa upasuaji tarehe 8 Novemba. Homa ilishuka, akaomba mtori wa ndizi, nasi tukamshukuru Mungu. Siku ya tano homa ikarudi. Bakteria walikuwa wameingia kwenye damu.

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 16, alikuwa mbali, akisalimiana kwa Kichagga na watu waliotangulia. Kisha akanigeukia mimi, mdogo wake.

“Justina, mlima umetoka?”

Dirishani kulikuwa na mawingu matupu.

“Umetoka, dada. Mlima wote.”

Alitabasamu, akafumba macho. Ilikuwa saa nne na dakika kumi.

Ameacha mume, Wenseslaus, watoto, Doris, Primus na Pamela, mjukuu, Kindness, mimi mdogo wake, na mama yetu Eliona, ambaye tangu Jumanne anauliza kama Yuditha ameshakula.

Mungu amlaze dada yetu katika amani yake.