Fundi Aliyempima Kila Mtu Upya

Usiku wa kuamkia Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, nyumbani kwetu hakulala mtu. Tulikuwa tukingoja simu ya hospitali. Ilipolia alfajiri, dada yetu mkubwa alikuwa ameshatutangulia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961, wa kwanza kati ya watoto wanne. Alimaliza darasa la saba mwaka 1975, akafundishwa kushona na mama yetu. Mwaka 1984 aliolewa na fundi saa, mtu mpole, aliyefariki mwaka 2009. Majirani walitania kwamba nyumba ile haijui kimya: huku saa, huku cherehani.

Alishona sare za shule miaka arobaini, na hakutumia vipimo vya zamani hata siku moja. Ukimwambia, "Si ulinipima juzi?" anakujibu, "Juzi ulikuwa wa juzi. Simama wima."

Desemba 2019 binti yangu, wa miaka kumi na sita, alikuwa na wiki ya tatu tangu aanzishiwe dawa ya akili. Alikuwa ameanza kulala, hata kucheka. Nilipoona vipele shingoni nilisema ni joto, nikampaka mafuta. Kusema kweli niliogopa kuuliza, wasije wakamwachisha ile dawa, tukarudi kwenye vilio. Mtoto akajifungia chumbani, akiwa amevaa shati la mikono mirefu.

Dada akaja kumpimia sare.

"Mama Mkubwa, tumia vipimo vya mwaka jana," binti yangu alisema nyuma ya mlango.

"Mwaka jana hauvai sare, mwanangu. Fungua."

Akafungua. Binti alipovua shati na kuinua mkono apimwe, dada aliona malengelenge kwapani, akaona na midomo iliyochubuka. Akamgusa paji la uso.

"Mdogo wangu, hili si joto. Acha mafuta, chukua pakiti ya dawa, twende."

Daktari alisema ni ile dawa, na tungechelewa siku mbili tungempoteza. Alimbadilishia nyingine. Ngozi ilipona, na usingizi ukabaki. Dada hakunilaumu. Alisema tu, "Macho unayo, ila yana woga."

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2022, akakonda sana. Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, wadogo zake watatu, na binti yangu.

Juzi, tulipotaka kumshonea nguo ya mwisho, sote tulisema vipimo vyake tunavijua. Binti yangu akakataa. Alivaa futi ya marehemu shingoni, akafungua mlango wa chumba alimolazwa, akampima upya.

Pumzika, dada. Nguo imekukaa.